Friji Ikisumbua, Anza Ukutani

Friji nyingi tunazoletewa sisi mafundi hapa Kampala, zikisemwa kwamba zimekufa, hazina ugonjwa wa friji. Ugonjwa uko ukutani: kwenye soketi, kwenye plagi, kwenye waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, ambao haupo, au kwenye umeme wenyewe unaopanda na kushuka. Mtu anabadilisha kompresa kwa pesa nyingi, na haipiti muda ile mpya nayo inaungua kwa sababu ileile. Na lile tatizo linaloanza kwa kuharibu friji ndilo linaloweza kuishia kwa mtoto kupigwa shoti anapofungua mlango kuchukua maji ya kunywa.

Kwa hiyo nitakwenda dalili moja baada ya nyingine, na kila mara tutaanza na ukuta, twende kwenye waya, ndipo tufike kwenye friji yenyewe. Mambo ya kujaribu mwenyewe nitayataja wazi. Yasiyotajwa mwachie fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini. Na kabla ya kupeleka mkono nyuma ya friji, chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi ya soketi peke yake hakutoshi, maana ziko soketi zilizoungwa kinyume: swichi inakata nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, huku waya wa moto unabaki na umeme hadi ndani ya friji.

Friji inapiga shoti ukiigusa

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Nimeingia nyumba kadhaa, Katwe, Bombo hadi Busia, nikakuta ndara zimepangwa mbele ya friji kama za kuingilia msalani. Ukiuliza, jibu ni moja.

"Mama, hizi ndara za nini hapa?"

"Aa, fundi, hiyo friji ina umeme kidogo. Ukivaa ndara haikupati."

Watoto wa nyumba hiyo wameshafundishwa: vaa ndara, fungua, chukua, funga. Mgeni naye anaambiwa. Kila mtu amezoea. Lakini umeme ulioko kwenye mwili wa friji haujui kwamba ni kidogo. Unachosubiri ni njia ya kufika ardhini. Ukiwa na ndara kavu juu ya sakafu kavu, njia ni nyembamba, unahisi kusisimka tu. Siku sakafu imepigwa deki, mtoto yuko miguu mitupu, mkono mmoja kwenye mlango wa friji na mwingine kwenye bomba la maji, njia inafunguka. Mkondo wa miliampia 30 tu ukipita kifuani unaweza kubana misuli ya kupumua, na ukizidi hapo moyo unavurugika. Kwa kulinganisha, friji hiyohiyo ikifanya kazi kawaida inavuta karibu ampia 1, yaani miliampia 1,000.

Sababu ya kwanza ya kutazama ni ethi. Plagi yetu Uganda ina miguu mitatu ya bapa, na ule mrefu wa juu ndio wa ethi. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia fupi ya kwenda ardhini, ili breka ianguke au fyuzi ikatike kabla ya mtu kugusa. Ethi isipokuwepo, friji haikuambii kitu. Inagandisha vizuri, taa inawaka, soda inapoa. Ndiyo maana watu hukaa nayo miaka bila kujua.

Ethi hupotea kwa njia tatu ninazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni friji yenye plagi ya miguu miwili ya duara, iliyokuja na plagi ya Ulaya. Soketi yetu ina kizibo cha ndani kinachofunguka mguu wa ethi ukiingia. Basi mtu anachukua mfuniko wa kalamu, au kijiti, au mpini wa kijiko, anausukuma kwenye tundu la juu, kizibo kinafunguka, na ile miguu miwili inaingia kwa nguvu. Friji inawaka. Lakini haina ethi hata kidogo, miguu ya duara haishiki vizuri kwenye tundu la bapa, na tundu la ethi limebaki na kitu kisichofaa ndani. Kama friji yako inaingia ukutani kwa msaada wa kalamu, acha kusoma hapa uende ukaichomoe. Dawa yake ni kukata plagi hiyo na kufunga ya miguu mitatu, na ni dakika chache kwa fundi. Ndani ya plagi, ukiishika ikiwa wazi mbele yako na mguu wa ethi ukiwa juu, waya wa moto wa kahawia unakwenda kulia kwenye fyuzi, nyutro ya buluu kushoto, na ule wa kijani na njano juu. Waya wa ethi uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili plagi ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka.

Ya pili ni soketi yenye matundu matatu lakini nyuma yake kuna nyaya mbili tu. Vyumba vingi vya kupanga, vile vya mstari mmoja tunavyoviita mizigo, vimeungwa hivyo ili kupunguza gharama. Huwezi kuona kwa macho. Ya tatu ni ethi iliyokuwepo ikaondoka: waya wa shaba unaoshuka ukutani kwenda kwenye nondo ya ardhini umekatwa na wezi wa shaba, au umeoza kwenye kiungo. Zunguka nje ya nyumba uutafute. Huo unaweza kuukagua mwenyewe kwa macho.

Hapa lazima niseme juu ya ujanja mmoja unaofanywa na baadhi yetu mafundi, na unaniuma. Mpangaji analalamika friji inapiga, fundi anakuja, anakuta hakuna ethi. Badala ya kuchimbia nondo, anaunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi kwa kipande kifupi cha waya. Shoti inakwisha palepale, anashukuriwa, analipwa, anaondoka. Siku nyutro inalegea au inakatika kabla ya soketi hiyo, umeme wote unapita kwenye friji na kurudi kupitia kipande kile hadi kwenye bodi ya chuma, yaani mwili wa friji. Mlango wa friji sasa una volti 240 kamili. Fundi akikuambia amemaliza tatizo la ethi bila kutoka nje ya nyumba, muulize ethi yake imekwenda wapi. Kuifunga kwenye nondo za dirisha au kwenye mabati nako ni vilevile: unahamisha hatari kutoka kwenye friji kwenda kwenye dirisha analoshika mtoto wa jirani.

Sasa, kwa nini bodi ya friji ina umeme? Inaweza kuwa waya ulioguguniwa na panya nyuma, karibu na kompresa ambako kuna joto wanalolipenda. Inaweza kuwa koili ya kompresa inayovuja, au hita ya kuyeyushia barafu iliyoingia maji. Lakini jua pia kwamba friji za kisasa zenye bodi ya elektroniki, zile za inveta, zina kichujio kinachopitisha umeme mdogo sana kwenda kwenye ethi hata zikiwa nzima. Bila ethi, mwili wa friji unaelea kwenye kama nusu ya volti za ukutani, nawe unahisi kuwashwa kwenye vidole. Kwa hiyo friji mpya kabisa inaweza kukusisimua bila kuwa na kasoro, na testa ya bisibisi itawaka. Testa haiwezi kukutofautishia kichujio na uvujaji wa kweli. Fundi atapima kwa mega, kifaa cha kupima uvujaji, kati ya nyaya na mwili wa friji. Ikiwa chini ya megaohmu 1, friji inavuja na haipaswi kurudi ukutani.

Utaratibu wako ni mfupi. Shusha breka, kausha mikono, chomoa plagi, usirudishe hadi ethi ipimwe. Ukiwa na uwezo, mwambie fundi akufungie kwenye bodi ya breka ile yenye kitufe kilichoandikwa T, inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Bonyeza hicho kitufe mara kwa mara. Kisipoangusha breka, haikulindi.

Kompresa inanguruma kidogo, inapiga "ta!", inanyamaza, kisha inarudia

Kila dakika chache unasikia mngurumo mzito wa sekunde kadhaa, halafu mlio mkavu wa "ta", kimya. Friji haipozi. Huo mlio ni ovalodi, kifaa kidogo ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme kompresa ikishindwa kuanza. Inapojaribu kuanza, kompresa huvuta mara 5 hadi 8 ya umeme inaotumia ikishakimbia, na ikikwama pale inabaki inavuta hivyo na kujichemsha.

Usianze na kompresa. Anza na saa. Je, inatokea jioni tu, kuanzia kama saa moja hadi saa nne usiku, watu wote wa mtaa wakiwa wanapika na kupiga pasi, na asubuhi inafanya kazi vizuri? Hizo ni volti ndogo. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 240. Transfoma ikilemewa unaweza kushuka hadi chini ya 190, na kompresa nyingi za kawaida haziwezi kuanza hapo. Zima friji kipindi hicho, na toa taarifa UEDCL, ambayo ndiyo imeshika usambazaji tangu Aprili 2025, hasa kama majirani nao wana shida hiyo. Malalamiko ya nyumba kumi huhamisha transfoma haraka kuliko ya nyumba moja.

Inatokea kila mara baada ya umeme kukatika na kurudi? Basi tatizo ni kurudi haraka. Gesi ndani ya mabomba inahitaji kama dakika 3 hadi 5 ili pande mbili zilingane shinikizo. Umeme ukirudi baada ya sekunde 20, kompresa inasukuma ukuta. Friji gadi imetengenezwa kwa jambo hili hasa: inakata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, na ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuupitisha. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Wengi hununua stabilaiza wakidhani ni kitu kilekile. Stabilaiza hunyanyua volti. Ukichagua hiyo, iwe walau ya VA 1,000 kwa friji ya kawaida ya nyumbani, na uhakikishe ina swichi ya kuchelewesha, nayo imewashwa.

Wenye Yaka, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, wana lao. Uniti zikiisha saa nane usiku na mtu akaingiza tokeni asubuhi, kila kitu kinawaka kwa pamoja: friji, pasi, televisheni, birika. Zima friji kabla ya kuingiza tokeni, iwashe dakika tano baadaye.

Ikiwa volti ni nzuri na inapiga "ta" saa zote, hapo ndipo fundi aitazame relei ya kuanzishia. Ni kipande kidogo cha bei nafuu. Ukikichomoa na kukitikisa kikalia kama njuga, kimevunjika ndani. Asikubadilishie kompresa kabla ya kujaribu relei mpya, na kapasita kama ipo. Wakati huohuo usiiache friji ikipiga "ta" usiku kucha. Chomoa.

Soketi au plagi ina joto, au kuna harufu kama ya samaki

Plastiki ya soketi inayoungua ina harufu inayofanana na ya samaki, na watu hutafuta kwenye jokofu samaki aliyeharibika huku ukuta unaungua nyuma yake. Weka kiganja juu ya plagi friji ikiwa imekimbia nusu saa. Uvuguvugu mdogo si neno. Joto la kukufanya uondoe mkono, au alama ya kahawia kuzunguka tundu, ni kiungo kilicholegea.

Mara nyingi mhalifu ni ekstensheni. Friji inavuta umeme mdogo, kwa hiyo mtu anaona inaweza kukaa na wenzake kwenye ekstensheni moja ya nyaya nyembamba za bei rahisi. Kila kompresa inapoanza, mkondo mkubwa unapita kwenye mguso wa chuma chepesi ndani yake, unapasha, chuma kinalegea, kinapasha zaidi. Birika la maji la wati 2,000 likiongezwa hapohapo, mambo yanaiva. Friji iwe na soketi yake ya ukutani, peke yake, iliyoungwa kwa nyaya za milimita za mraba 2.5. Ikiwa hakuna namna kwa muda, ekstensheni iwe ya nyaya tatu za milimita za mraba 1.5, fupi, iliyonyooshwa, isipitishwe chini ya zulia wala isiviringishwe nyuma ya friji.

Fyuzi ya ndani ya plagi isibadilishwe na kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ikikatika mara mbili, inakuambia kitu. Soma kibao cha nyuma ya friji au kitabu chake ujue inataka ya ampia ngapi.

Breka inaanguka

Chomoa friji, nyanyua breka. Ikianguka tena bila friji, tatizo ni la nyaya za nyumba, na friji haina kesi. Ikikaa, rudisha friji ikiwa themostati iko sifuri. Ikianguka papo hapo, waya wa friji au plagi ina shoti. Ikikaa, zungusha themostati itoke sifuri: ikianguka kompresa inapoanza tu, kompresa inashukiwa. Na kuna ile inayowasumbua watu sana, breka inayoanguka mara moja au mbili kwa siku bila mpangilio unaoeleweka, hasa kwenye friji zisizoganda barafu. Hizo zina hita inayowaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu nyuma ya ukuta wa friza. Hita ikipasuka na kuingia maji, breka inaanguka kila zamu yake ikifika. Mweleze fundi saa breka ilipoanguka, utamwokolea nusu siku.

Breka isifungwe kwa kamba wala kubadilishwa na kubwa zaidi.

Taa zinawaka kupita kiasi, nyingine zinafifia

Usitafute sababu. Kimbilia swichi kuu uizime. Nyutro ya mtaa imekatika au imelegea, na nyumba yako inaweza kuwa inapokea volti zinazokaribia 415 zilizoko kati ya nyaya mbili za moto. Bodi ya elektroniki ya friji huungua kwa sekunde chache. Usiwashe hadi watu wa umeme waje nguzoni. Mvua yenye radi nayo, na ukanda wetu wa Ziwa Victoria unazo nyingi, chomoa plagi kabla haijafika, si wakati inapiga.

Yaka inakwisha haraka

Friji ndogo ya nyumbani iliyo nzima hutumia kama uniti 1 kwa siku, pungufu au zaidi kidogo. Usiku zima vingine vyote, soma Yaka, soma tena asubuhi. Ikiwa juu sana, bana karatasi kwenye mlango na kuivuta. Ikitoka bila kukataa, raba ya mlango imechoka. Kisha angalia friji imekaa wapi. Iliyogandamizwa ukutani, au iliyo jirani na sigiri, haipumziki. Iachie nafasi ya kiganja nyuma na juu.

Imesafirishwa imelazwa

Mafuta ya kompresa yanakuwa yameingia mabombani. Isimamishe saa kadhaa kabla ya kuichomeka, na kama ililala safari nzima kutoka Malaba au Arua, iache hadi kesho yake. Soma kibao pia: ikiandikwa volti 110, ni ya Marekani, na ukutani kwetu itaungua hapohapo.

Barafu imechokonolewa kwa kisu na imetoa "fyuuu"

Friji nyingi za miaka ya karibuni zina gesi ya R600a, ambayo ni isobutani. Ni gesi inayowaka. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi gramu 30 hadi 80, lakini kwenye jiko dogo lililofungwa na sigiri inawaka, hicho kidogo kinatosha. Huenda usinuse kitu, kwa hiyo usitegemee pua. Zima moto, fungua madirisha na mlango wa nyumba, toa watu. Usiguse swichi ya friji wala kuchomoa plagi, maana cheche inazaliwa hapo. Kata umeme kwenye bodi ya breka kama iko mbali. Ngoja hewa ipite.

Utajua gesi yako kwa kibao cha nyuma na alama ya pembetatu ya njano yenye mwali. Fundi atakayekuja kuziba tundu kwa moto wa gesi bila kuuliza wala kusoma kibao hicho, mzuie. Na barafu iyeyushwe kwa kuzima friji na kuweka sufuria ya maji moto ndani. Kisu kimeua friza nyingi kuliko ukongwe.

Haitengenezeki tena: kuiondoa nyumbani

Kompresa ikiwa inavuja umeme kwenye bodi, au mabomba yaliyozikwa ndani ya kuta za friji yameoza, kubali. Lakini friji iliyokufa bado ina mambo matatu yanayoweza kudhuru, na yafuatwe kwa mpangilio huu.

La kwanza ni mlango, na hili halingoji kesho. Friji iliyowekwa uani ikisubiri mnunuzi ni chumba cha kujificha kwa watoto. Raba inabana hewa isiingie, ukuta mnene unazuia sauti, na mtoto anaishiwa pumzi ndani huku wenzake wanamtafuta nyuma ya nyumba. Marekani walilazimika kutunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji uweze kufunguka kutoka ndani, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakifa hivyo. Friji za zamani zenye komeo la chuma ndizo mbaya zaidi, lakini hata za raba ya sumaku mtoto mdogo anaweza kushindwa kuzisukuma, hasa akiwa amekunjamana. Ng'oa mlango kwa bisibisi siku ileile unayoitoa ndani. Jokofu la kulala, lile la mfuniko, ng'oa mfuniko. Kama huna bisibisi, igeuze mlango uutazame ukuta, hadi utakapopata.

Pili, kata waya wa umeme karibu na bodi, plagi ikiwa imechomolewa. Hii ni kwa ajili ya yule atakayeiokota akaijaribu kwake bila kujua kwamba inapiga.

Tatu ni gesi, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi kama nchi. Kijana wa vyuma chakavu anafika na mkokoteni, anataka shaba na kompresa. Anashika bomba, analikata kwa koleo, gesi yote inatoka. Kama ni friji ya zamani yenye R12, hiyo ni gesi inayokula tabaka la ozoni, iliyowekewa mkakati wa kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zetu ziliacha kuitumia ifikapo 2010. Iliyokuja baadaye, R134a, haigusi ozoni lakini inapasha dunia mara 1,430 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapa kwa majirani, Kigali, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Ikiwa ni R600a, shida ni moto, na mwenye koleo ndiye wa kwanza kuungua kama kuna sigara jirani. Ndani ya kompresa mna mafuta pia, na hayo yakimwagwa uani yanaelekea kwenye mtaro na kisima.

Fundi mwenye vifaa huvuta gesi kwa mashine na kuiingiza kwenye mtungi. Wako wanaofanya hivyo, na kila mteja anayeuliza anawaongeza. Baada ya hapo vyuma vina soko lake halali: bodi kwa wenye viwanda vya chuma, shaba kwa wanunuzi wa shaba, na alumini ya friza kwa wahunzi wa Katwe wanaoyeyusha na kutoa sufuria.

Kinachobaki bila mnunuzi ni sponji ya kuta. Hiyo ndiyo huishia kuchomwa moto barabarani jioni, na moshi wake mweusi una sumu, pamoja na sianidi. Usiichome na usimruhusu mtu aichome karibu na watu. Wala isiingie kwenye taka za kawaida za jikoni. Tuliona Agosti 2024 jinsi jalala la Kiteezi lilivyoporomoka juu ya makazi ya watu. Hakuna sababu ya kuongezea mlima wa namna hiyo sponji na mafuta. Taka za umeme zina wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira nchini, na ofisi za NEMA au za mazingira wilayani zinaweza kukuelekeza kwa aliye karibu nawe.

Kama bodi bado ni imara, matumizi mengine yapo. Wengi huigeuza kuwa mashine ya kutotolea mayai, kwa kuwa ile sponji inashika joto vizuri. Wengine huhifadhia mikate dukani. Ni sawa kabisa, ila gesi iwe imetolewa kwanza, kompresa iondolewe, raba ya sumaku ing'olewe na mahali pake pawekwe ndoano nyepesi ambayo mtoto aliye ndani anaweza kuifungua kwa kusukuma tu. Na taa za mashine ya mayai zina waya wake, bodi yake ya chuma na maji ya unyevu chini ya mayai, kwa hiyo nayo ifungwe ethi.

Ukimpigia simu mtu aje kuichukua, muulize kabla hajapanda boda: mtungi wa kuvutia gesi unao, na mafuta ya kompresa utayaweka wapi? Akisema haina haja, mpe rafu na droo kama anazitaka, na friji ibaki kwako bila mlango hadi apatikane mwenye mtungi.